Je, wimbi la redio laweza kubeba habari na nguvu pamoja?



Mwalimu mmoja wa kapela, kando ya Nundu, alituletea kikadi kidogo kilichofungwa katika karatasi ya kung'aa, akatuuliza: «Padri, kitu hiki ni cha kweli ao ni cha wongo?»

Kikadi chenyewe kilikuwa chembamba, ukubwa wake kama kiganja cha mkono. Mchuuzi aliyepita sokoni alisema ya kuwa ukikibandika nyuma ya simu, kitanyonya mawimbi ya mnara wa rezo na kuyatia katika batri. Katika vijiji vya huku umeme wa waya ni haba. Watu wengi wanapeleka simu zao kwa mwenye paneli ya jua, nao wanalipa kila mara. Kwa hiyo neno la mchuuzi liliwapendeza. Bei yake ilikuwa franka elfu kumi kila kikadi. Wakristu wa kapela walikuwa wamekwisha kuchanga feza ya vikadi 12, kwa ajili ya simu za walimu na za akina mama wanaofuata wagonjwa nyumba kwa nyumba. Mchuuzi aliacha kimoja cha kuonyesha, akasema atarudi siku ya soko kuleta vingine.

Mwalimu alikuwa na mashaka, lakini neno moja lilimtatiza. Wazee walipocheka, mchuuzi aliwajibu hivi: «Pasipoti ya padri wenu haina batri. Lakini kule kwenye uwanja wa ndege, wakiiweka juu ya mashini, inajibu yenyewe. Nguvu yake inatoka wapi? Si katika hewa?» Hapo wazee walinyamaza.

Neno la mchuuzi juu ya pasipoti ni kweli. Neno lake juu ya kikadi si kweli. Tena sababu inayofanya la kwanza kuwa kweli ndiyo ileile inayofanya la pili kuwa wongo. Tuieleze polepole, maana swali hili litawafikia na wengine wenu.

1. KILA WIMBI LINABEBA MIZIGO MIWILI

Mashua yenye mota ikipita mbali ziwani, baada ya kitambo wimbi lake linafika pwani na kutikisa mtumbwi uliofungwa. Wimbi hilo limeleta nguvu, kwani bila nguvu mtumbwi usingetikisika. Tena limeleta habari, kwani mvuvi aliyelala ndani yake anajua, hata bila kufumbua macho, ya kuwa mashua imepita. Wimbi ni moja. Mizigo ni miwili.

Mawimbi ya redio yako vivyo hivyo. Mjeremani Heinrich Hertz, aliyeyaonyesha katika miaka ya 1887 na 1888, alitumia pete ya waya iliyokatwa mahali padogo sana. Pete hiyo haikuwa na batri. Wimbi lilipofika, cheche ndogo iliruka katika ule mwanya. Cheche ilikuwa habari, maana ilimwambia Hertz ya kuwa wimbi limefika. Na cheche ilikuwa nguvu, maana hakuna kitu kingine kilichoiwasha isipokuwa wimbi lenyewe.

Baadaye ilikuja redio ya jiwe. Mhindi Jagadish Chandra Bose alipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1904 kwa chombo cha kupokea mawimbi kwa jiwe la galena, yaani jiwe ambamo watu wanachimba risasi. Vitu vyake vilikuwa vichache: waya mrefu juu ya nyumba, koili ya waya, jiwe, ncha ya chuma ya kuligusa, na chombo cha kutia sikioni. Batri haikuwamo. Wakati ule ulikuwa pia mwanzo wa redio ya nchi yetu. Kabla ya vita ya 1914 Wabelgiji walijenga nyororo ya vituo vya telegrafu isiyo na waya katika Kongo, Kindu na Elisabethville vikiwamo, wakajenga kituo kikubwa Laeken, karibu na Bruxelles, ili kusemezana na Kongo. Toka Laeken, tarehe 28 Machi 1914, waliwapelekea watu muziki kwa redio. Mwezi wa Agosti mwaka uleule, Wajeremani walipokaribia, Wabelgiji wenyewe walikibomoa kituo hicho.

Anayesikiliza redio ya jiwe anasikia sauti iliyotengenezwa kwa nguvu ya mnara ulio mbali, wala si kwa nguvu nyingine. Lakini tuangalie neno hili: sikio la mtu linatosheka na kitu kidogo sana. Ukitoa chombo cha sikioni na kuweka sanduku kubwa la sauti, ili kanisa zima lisikie, hutasikia kitu. Habari imefika, ila nguvu haitoshi. Tofauti hiyo tutaikuta tena na tena.

2. TAA YA MVUVI WA NDAGALA

Sasa tuulize: kama wimbi linabeba vitu viwili, je, twaweza kupata vyote viwili kwa wingi, bila kupunguza kimoja?

Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukoni na kutazama ziwani, waona taa za wavuvi wa ndagala zimetapakaa kama kijiji juu ya maji. Taa ile ina kazi moja, kuvuta samaki. Tuseme mvuvi mmoja amepatana na ndugu yake aliye pwani: «Kila dakika utazame taa yangu. Nikiifunika, maana yake ni hapana. Nikiiacha wazi, maana yake ni ndiyo.» Tangu hapo taa ina kazi mbili.

Akiiacha wazi usiku kucha, samaki wanapata mwanga wote, lakini ndugu yake hajui neno hata moja. Akiifunika na kuifunua mara kwa mara, ndugu anapata maneno mengi, lakini samaki wanapata mwanga nusu.

Mwaka 1948 Mwamerika Claude Shannon alionyesha namna ya kuipima habari kwa hesabu. Msingi wake ni huu: habari iko katika jambo usilolitazamia. Kengele ya misioni ikilia saa sita ya mchana haikuambii mengi, maana ulijua italia. Ikilia katikati ya usiku, kijiji kizima kinaamka. Kipimo cha habari kinaitwa biti: ni jibu moja la «ndiyo» ao «hapana» kwa swali ambalo pande zake mbili zina uzito sawa. Kwa kipimo hicho, taa ya mvuvi yetu inatoa hesabu hii:

a) Ikiwa wazi nusu ya dakika zote, kila dakika yaweza kupeleka biti 1 nzima, mwanga wa samaki ni nusu.

b) Ikiwa wazi dakika 3 katika kila 4, kila dakika yaweza kupeleka biti 0,81, mwanga ni robo tatu.

c) Ikiwa wazi dakika 9 katika kila 10, habari inashuka hata biti 0,47, mwanga ni sehemu 9 katika 10.

d) Ikiwa wazi siku zote, mwanga ni wote kamili, habari ni sifuri.

Tutazame hatua toka (a) hata (b). Mwanga umeongezeka sana, na habari imepungua chini ya sehemu moja katika tano. Hiyo ni biashara nzuri. Lakini toka (c) hata (d) mvuvi anapata mwanga kidogo tu, na habari yote iliyobaki inapotea. Basi hakuna njia ya kupata vyote viwili kwa ukamilifu. Iko njia ya kuchagua vema kati yake.

Mwaka 2008 mtaalamu Lav Varshney aliandika sheria hiyo kwa hesabu kamili, akiwatolea wenzake waliokutana Toronto, katika Kanada. Toka hapo wataalamu wengi wameshika kazi ya kupeleka habari na nguvu kwa wimbi moja.

3. ANAYEPOKEA NAYE LAZIMA AGAWANYE

Mpaka hapa tumesema juu ya anayepeleka. Anayepokea ana shida yake pia. Maji uliyokwisha kuyanywa huwezi kuyafulia nguo. Vivyo hivyo, katika vyombo vya kawaida, sehemu ya wimbi iliyokwisha kugeuzwa kuwa umeme wa batri haiwezi tena kusomwa vizuri, maana maandishi yake membamba yamefutika katika kugeuzwa. Mwaka 2013 Rui Zhang na Chin Keong Ho, wa Singapore, waliandika juu ya njia mbili za kugawanya.

Njia ya kwanza ni ya zamu. Kwa kitambo kidogo chombo kinasoma, kisha kwa kitambo kingine kinakula, kama nyumba yenye mtungi mmoja: asubuhi maji ni ya kunywa, jioni ni ya kuoga.

Njia ya pili ni ya fungu. Wimbi linapoingia linagawanywa papo hapo: fungu moja linakwenda kwa msomaji, fungu lingine kwa mlaji. Ukiongeza la huyu, umepunguza la yule.

Iko na njia ya tatu, ambayo ni ya zamani kupita hizo: kurudisha wimbi la mwenzako. Mtu aliye gizani bila taa anaweza kumjibu mwenye taa kwa kioo kidogo. Haangazi mwanga wake. Anaurudisha ule wa mwenzake, akikigeuza kioo huku na huku. Mwaka 1945 watoto wa Urusi walimpa balozi wa Marekani, mjini Moscow, ubao mzuri uliochongwa nembo ya nchi yake. Balozi aliutundika nyumbani. Ndani yake mlikuwa na sikio la siri lisilo na batri wala waya. Watu waliokuwa nje walirusha wimbi la redio juu ya nyumba. Sauti za waliosema ndani zilitikisa kile chombo, nalo wimbi lilirudi limechukua mtikiso huo. Chombo hicho kilikaa kimya wakati wimbi halikurushwa, na kwa hiyo hakikugunduliwa mpaka mwaka 1952. Mwaka 1948 Harry Stockman alikuwa amekwisha kuandika wazi, huko Marekani, juu ya kusemezana kwa nguvu iliyorudishwa.

4. PASIPOTI ISIYO NA BATRI

Sasa tunaweza kumjibu mchuuzi juu ya pasipoti. Kongo yetu ilianza kutoa pasipoti zenye kipande cha elektroniki mwaka 2015. Kenya ilianza mwaka 2017, Tanzania mwaka 2018. Ndani ya pasipoti hizo mna kipande kidogo kama punje, ambamo jina na picha ya mwenyewe vimeandikwa, na koili nyembamba ya waya inayokizunguka. Batri haimo.

Mashini ya kusomea ina koili yake. Inatoa wimbi linalotetemeka mara 13 560 000 kila sekunde. Ukiweka pasipoti karibu sana, koili ya mashini inaamsha umeme ndani ya koili ya pasipoti, kama vile koili mbili zilizo ndani ya transfoma zinavyopashana umeme bila kugusana. Umeme huo ni mdogo, lakini unatosha kukiamsha kile kipande.

Kisha mashini inapaswa kusema. Itasema namna gani? Kwa kufunika taa, kama mvuvi wetu. Hapo tunakuta shida ya sehemu ya pili, wazi kabisa. Kila mara mashini ikilikata wimbi ili kuandika neno, inamnyima mwenzake chakula. Walioweka kanuni za vyombo hivi wametumia namna mbili. Katika namna ya kwanza, mashini inalikata wimbi lote, lakini kwa muda usiofika hata milioni tatu za sekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, ukachukua vipande vitatu tu. Katika muda huo kipande kinaishi kwa akiba kidogo ya umeme iliyowekwa ndani yake, kama ngamia anavyovuka jangwa. Katika namna ya pili, mashini hailikati wimbi. Inalipunguza kidogo tu. Chakula hakikatiki, lakini maandishi ni hafifu, na msomaji lazima awe mwangalifu zaidi.

Pasipoti inajibu kwa njia ya tatu tuliyoisema. Haitoi wimbi lake. Inabadilisha mzigo inaouweka juu ya koili ya mashini: mara inavuta sana, mara inaachilia. Mashini inauhisi uzito huo, kama mtu aliyeshika kamba anavyohisi samaki akivuta, ingawa hamwoni.

Basi mambo yote tuliyoeleza yako katika kitabu kile kidogo: wimbi moja, nguvu na habari, akiba, na jibu la kurudisha. Lakini mnajua pia ya kuwa askari wa mpaka haisomi pasipoti yako ungali mlangoni. Lazima uiweke juu ya mashini. Umbali wake ni sentimeta chache. Kwa kawaida hauzidi 10. Hapo ndipo mchuuzi alinyamaza, na hapo ndipo jibu lilipo.

5. UMBALI

Simameni na taa katika uwanja wa giza. Mtu aliye hatua 10 anapata mwanga fulani. Akienda hatua 20, hapati nusu. Anapata robo, maana mwanga uleule umetandazwa juu ya eneo kubwa mara nne. Akienda hatua 100, anapata sehemu moja katika mia. Mawimbi ya mnara yanafuata sheria hiyohiyo. Nguvu ya koili kama ile ya pasipoti inafifia upesi kupita hata hapo.

Tufanye hesabu, nasi tumpendelee mchuuzi kila mahali.

Tuseme antena ya mnara inaelekeza mawimbi kwetu kwa nguvu kama ya taa ya wati 1000 inayoangaza pande zote. Tuko kilometa 1 toka mnara, hakuna mlima wala mti katikati. Wati zile 1000 zimetandazwa juu ya tufe lenye eneo la meta mraba zaidi ya milioni 12 na nusu. Kila meta mraba inapata mikrowati 80 hivi. Mikrowati 1 ni wati moja iliyogawanywa mara milioni.

Kikadi cha mchuuzi kina sentimeta 10 kwa 10, yaani sehemu moja katika mia ya meta mraba. Basi kinakutana na mikrowati 0,8. Tuseme kinazikamata zote, bila kupoteza hata kidogo, jambo lisilowezekana.

Batri ya simu ya siku hizi inashika nguvu ya wati-saa 15 hivi, yaani wati 15 kwa muda wa saa moja. Gawanyeni 15 kwa 0,0000008. Mtapata saa karibu milioni 19. Hizo ni zaidi ya miaka 2000 ya kujaza batri mara moja. Mkikaa meta 100 tu toka mnara, katikati ya njia ya wimbi, hesabu inashuka mara mia: miaka 21 hivi. Na simu yenyewe, hata ikilala bila kutumiwa, inamaliza batri yake katika siku chache.

Kwa hesabu hiyohiyo tulitazame jua. Adhuhuri, anga likiwa wazi, meta mraba moja inapata wati 1000 hivi. Kipande cha paneli ya jua chenye ukubwa wa kile kikadi kinaweza kutoa karibu wati 2. Jua kali la saa nane ao zaidi kidogo linajaza batri ileile. Miaka 2000, na saa nane: tofauti ni hiyo.

Mwaweza kuuliza: kama mikrowati 0,8 ni kidogo hivyo, kwa nini simu inasikia vizuri pale pale, kilometa 1 toka mnara? Swali hili ni la msingi. Simu haihitaji kuishi kwa wimbi; ina batri yake ya kuikuza sauti ndogo. Inahitaji tu wimbi lipite kelele za hewa, basi. Kwa hiyo inaweza kusikia ishara iliyo ndogo mara milioni kadhaa kupita zile mikrowati 0,8. Lakini kipande kisicho na batri, ambacho lazima kile wimbi ili kiamke, kwa kawaida kinahitaji mikrowati chache, hata 10 hivi. Chini ya hapo hakiamki hata kidogo, kama vile kuni mbichi zisivyoshika moto kwa cheche moja.

Basi anayetaka habari anahitaji kidogo sana, na anayetaka nguvu anahitaji nyingi sana. Ndiyo sababu neno laweza kutoka Kinshasa ao Roma na kutufikia huku, lakini chakula cha batri lazima kitoke karibu.

Liko neno jingine la kumjibu mchuuzi. Kama kikadi kingenyonya kweli mawimbi nyuma ya simu, kingemnyang'anya nani? Kingeinyang'anya simu yenyewe wimbi ililokuwa ikilisikiliza, na kingekula wimbi ambalo simu inalitoa kwa batri yake ili kufika mnarani. Rezo ingepungua, na simu ingepaswa kupaaza sauti zaidi, ikimaliza batri upesi.

6. KAZI ZA KWELI ZA VYOMBO HIVI

Tusidharau elimu hii juu ya mchuuzi mmoja. Mahali inapofaa, inafaa sana.

Huko Kenya, mwezi wa Oktoba 2013, shirika la WWF lilitoa vipande 1000 vya elektroniki kwa wahifadhi wa wanyama, vitiwe ndani ya pembe za vifaru. Kipande cha namna hii hakina batri, kwa hiyo hakiozi wala hakiishiwi nguvu. Kinaweza kulala ndani ya pembe miaka mingi. Askari akiikamata pembe mkononi mwa mwindaji, analeta kisomeo karibu, kipande kinaamka na kutaja namba yake. Ona tena: kisomeo lazima kifike karibu.

Mwaka uleule wa 2013, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle katika Marekani, walitengeneza vikadi viwili visivyo na batri vinavyosemezana kwa mawimbi ya televisheni yaliyokwisha kujaa hewani. Mnara waweza kuwa mbali, hata kilometa 10 hivi. Lakini mnara wa televisheni una nguvu nyingi mno kupita mnara wa simu. Kikadi kimoja kilirudisha wimbi ao kukataa kulirudisha, na mwenzake alisoma. Umbali kati ya vikadi haukufika hata meta 1, na maneno yalikwenda polepole. Wataalamu wale hawakusema ya kuwa wamejaza batri ya simu.

Vipo vilevile vipima-joto vidogo vya namna hii, vinavyosomwa bila kufungua sanduku. Kwa chanjo zinazoharibika kwa joto, ni jambo la maana. Kila mahali kazi ni ileile: chombo kidogo kinachokula mikrowati, kinachosema maneno machache, na kisomeo kilicho karibu.

7. MASWALI MATATU YA KUULIZA

Vitu vya namna hii vitaletwa tena, kwa majina mengine na karatasi nyingine za kung'aa. Mtu asiyesoma fizikia anaweza kujilinda kwa maswali matatu.

La kwanza: nguvu inatoka wapi, na ni kiasi gani pale inapotoka? La pili: umbali ni gani? Kama ni sentimeta chache, yawezekana. Kama ni kilometa, chombo kiwe kidogo sana katika haja zake. La tatu: nguvu inaingia kwa njia gani? Swali hili la tatu ndilo lililomaliza mambo kule Nundu. Pamoja na mwalimu tulikichana kile kikadi. Ndani tulikuta karatasi mbili za plastiki na karatasi moja ya rangi ya shaba. Hapakuwa na waya wala ncha ya kugusa batri. Hata kama hewa ingejaa umeme kama mto wakati wa mvua, mlango wa kuingilia haukuwako.

Kabla ya kukichana, wazee walikuwa wametaka kujaribu kwanza, nao walikuwa na haki. Simu ilikuwa na sehemu 40 katika mia. Waliizima mbele ya watu wote, wakakibandika kikadi, wakaifunga katika kabati la sakristia hata asubuhi. Walipoiwasha ilikuwa na 39. Jaribio hili halina gharama, na kila mmoja wenu anaweza kulifanya mbele ya wakristu wake kabla feza haijatoka mkononi.

Feza ya vikadi 12 ingali katika sanduku la kapela. Wazee wanapatana sasa juu ya kununua paneli ndogo ya jua, itakayowekwa juu ya nyumba ya mwalimu. Siku ya soko mchuuzi hakuonekana Nundu. Tulisikia ameshuka upande wa Baraka, na huenda atapanda hata Fizi. Ninyi mlio huko, waambieni watu mapema.